Bukavu: Kompyuta ndogo ya mezani ikizima, si kila mara imekufa

Saa mbili asubuhi mlango wa sekretaria publike unafunguliwa, na wanafunzi tayari wamesimama kwenye ngazi. Mmoja ana kazi yake ya mwisho wa masomo ndani ya flashi na tarehe ya kuiweka chuoni ni kesho. Mwingine anataka barua ya kuomba kazi. Mama mwenye duka anabonyeza kitufe cha kuwasha ordinatere. Taa haiwaki, na ekrani inabaki nyeusi. Siku hiyo biashara nzima, pamoja na karo ya watoto, inategemea kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa kamusi.

Hali kama hiyo wakaaji wengi wa Bukavu wanaifahamu, sawa na wale wa Goma, Butembo, Bunia na Uvira. Kwa miaka ya karibuni, ofisi nyingi, sekretaria, vituo vya afya na shule zimeacha kompyuta kubwa za mnara na kuchukua zile ndogo za mezani. Nyingi si mpya. Zilitumika kwanza katika makampuni ya Ulaya au Marekani, kisha zikauzwa kwa jumla na kusafirishwa hadi huku. Zinapendwa kwa sababu hazichukui nafasi, hazipigi kelele na hazili umeme mwingi.

Lakini zinapozima, wengi huzihesabu kuwa zimekufa. Zingine hubaki chini ya meza miaka mizima, na zingine huuzwa kama vipande. Ukweli ni kwamba makosa mengi ya mashine hizi yanajulikana, yanatambulika kwa mpangilio, na mara nyingi kifaa kinachohitajika ni tornevisi moja tu.

Ni mashine ya namna gani?

Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 3050 Micro, iliyoingia sokoni mwaka 2017. Ina urefu na upana wa karibu sentimita 18, na unene wa sentimita 3.6. Lenovo ina ndugu yake katika familia ya ThinkCentre Tiny, na HP inazo ProDesk na EliteDesk Mini. Majina yanatofautiana, lakini ndani zinafanana sana.

Siri yao ni kwamba zimejengwa kwa vipande vya kompyuta ya mkononi. Memwari yake ni ile fupi iitwayo SO-DIMM, si ile ndefu ya minara. Diski yake ni ya inchi 2.5, na karibu kila mara kuna nafasi ya pili, nyembamba kama kipande cha pipi ya kutafuna, iitwayo M.2. Umeme haubadilishwi ndani ya sanduku. Unabadilishwa nje, na chaja kama ile ya kompyuta ya mkononi. Kitu kimoja tu hakipo: batri. Umeme ukikatika, mashine inazima palepale, na kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea.

Taa isipowaka, anza na chaja

Kwa mama wa sekretaria, hatua ya kwanza si kufungua mashine. Ni kufuata njia ya umeme tangu ukutani. Je, prizi inafanya kazi? Ijaribiwe kwa taa au simu. Je, rallonge ni nzima? Kisha inafuata chaja yenyewe.

Chaja ya OptiPlex Micro ya wati 65 inatoa volti 19.5. Ile ya Lenovo Tiny inatoa volti 20, na mdomo wake ni wa mstatili. Juu ya kila chaja kuna karatasi inayoonyesha volti na ampea. Volti lazima zilingane na zile za mashine. Ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi, lakini si kupungua.

Kwa Dell kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Katikati ya mdomo wa chaja mna sindano ndogo inayopeleka ujumbe kwa mashine: «mimi ni chaja ya wati fulani». Chaja ya kuiga isipopeleka ujumbe huo, au sindano ikipinda, mashine inaweza kuwaka lakini itaonya kwamba haitambui chaja, kisha itapunguza mwendo wa prosesa makusudi. Mtumiaji anadhani ana virusi, analipa fundi afute kila kitu, na mwendo unabaki wa kobe. Tatizo lilikuwa kwenye kabulu.

Chaja hizi zinakubali umeme wa volti 100 hadi 240. Kwa hiyo mashine iliyotoka Marekani, kwenye volti 120, haihitaji transfoma huku kwetu kwenye 220. Tofauti na hiyo, minara mingi ya zamani ina kitufe kidogo chekundu nyuma, cha kuchagua 115 au 230. Mtu akikisahau kwenye 115 na kuchomeka kwenye prizi ya hapa, mlio na harufu ya moshi vitamfundisha.

Umeme kushuka kidogo, basi, si adui mkubwa wa mashine ndogo. Adui ni umeme unaorudi kwa nguvu baada ya kukatika. Umeme ukikatika, ni heri kuchomoa chaja, kungoja urudi na utulie dakika chache, ndipo kuchomeka. Stabilizateri husaidia. Onduleri, ile yenye batri ndani, husaidia zaidi kwa sababu inatoa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima vizuri.

Taa inawaka, ekrani nyeusi

Ikiwa chaja ni nzima na taa inawaka lakini ekrani haionyeshi kitu, ekrani ndiyo huchunguzwa kwanza. Mashine nyingi ndogo zina mlango wa DisplayPort au HDMI. Ekrani nyingi za zamani zinajua VGA peke yake. Kati ya hizo mbili panahitajika kigeuzi chenye chipu ndani, kwa sababu ishara zenyewe ni za aina tofauti. Kabulu tupu iliyounganishwa milango miwili haitoshi, hata ikiuzwa bei ya chini.

Ikiwa ekrani ni nzima, inafuata memwari. Safari ndefu ya kontena na lori kutoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam inatosha kuisogeza. Mashine izimwe, chaja ichomolewe, kitufe cha kuwasha kibonyezwe sekunde kama 15 ili umeme uliobaki uishe. Kisha mtu aguse chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine, maana umeme wa mwili unaweza kuua chipu bila yeye kusikia chochote. Memwari itolewe, meno yake ya shaba yapanguswe kwa kitambaa kikavu, irudishwe hadi isikike ikifunga. Kama ziko mbili, ijaribiwe moja kwanza, kisha nyingine.

Mashine yenyewe pia inazungumza. Kwenye Dell, taa ya kuwasha hupepesa kwa rangi ya machungwa: mara kadhaa, kituo kidogo, kisha mara kadhaa tena. HP hulia na kupepesa. Hesabu hiyo iandikwe kwenye karatasi na ilinganishwe na kitabu cha modeli ileile, kinachopatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. Maana ya hesabu hubadilika toka modeli moja hadi nyingine, kwa hiyo kufuata orodha ya mashine nyingine ni kupotea.

Tarehe inaporudi nyuma

Tuseme mama wa sekretaria ameazima chaja kwa jirani na mashine imewaka. Wanafunzi wanapumua. Lakini intaneti inakataa: kila tovuti inasema muunganisho si salama. Simu iliyo kwenye mtandao uleule inafungua vizuri. Ni nini tena?

Jibu liko kwenye kona ya chini ya ekrani, kwenye tarehe. Kama inaonyesha mwaka uliopita zamani, kosa ni batri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3, ileile ya saa na mizani. Ndiyo inayotunza saa mashine ikiwa imechomolewa. Ikiisha, mashine inarudi kwenye tarehe ya kale. Tovuti zinalindwa na vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini iko mwaka 2017 inaviona vyeti vya leo kama vya uongo. Dawa ni batri mpya, na kurekebisha saa mara moja.

Mwendo wa kobe

Malalamiko yanayosikika zaidi ni haya: mashine inawaka, lakini kufungua faili moja kunachukua muda wa kunywa chai. Kabla ya kununua kitu, mtumiaji anaweza kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litamwonyesha nani anachelewesha: prosesa, memwari au diski.

Diski ikibaki kwenye asilimia 100 hata bila kazi nzito, mara nyingi ni diski ya zamani inayozunguka. Hiyo husoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde, na hupungua sana inapotafuta faili ndogondogo. Diski ya SSD ya aina ya SATA hufikia karibu 500. Ile ya M.2 ya aina ya NVMe inaweza kupita 3000. Hakuna badiliko lingine linalofanya mashine ya zamani ijisikie mpya kama hilo.

Hapa ni vizuri kuwa macho sokoni. Umbo la M.2 ni moja, lakini ndani yake kuna SATA na kuna NVMe, na si kila mashine inakubali zote mbili. Kitabu cha modeli kinasema. Pia kuna diski na flashi za uongo zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko waliyo nayo kweli. Kompyuta inaziamini, faili zinaingia, kisha za mwisho zinafuta za kwanza. Programu ya bure kama H2testw, au F3 kwa wenye Linux, hujaza kifaa kizima na kukisoma tena. Mnunuzi mwerevu hufanya jaribio hilo siku ya kununua, kabla ya kuweka kazi ya mtu yeyote.

Memwari ikiwa ndiyo inayojaa, OptiPlex 3050 Micro ina nafasi mbili za DDR4 na inakubali hadi gigabaiti 32. Kwa sekretaria, gigabaiti 8 zinatosha, na 16 ni raha. Vipande viwili vinavyofanana hufanya kazi haraka kuliko kimoja cha ukubwa huohuo wote. DDR3 haiwezi kuingia mahali pa DDR4, kwa kuwa mkato wake uko sehemu tofauti. Kusukuma kwa nguvu ni kuvunja.

Vumbi, joto na majira ya kiangazi

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, vumbi la barabara huingia kila mahali. Goma, mji uliojengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, inajua vumbi jeusi linalokwaruza. Ndani ya sanduku lenye unene wa sentimita chache, vantilateri moja ndogo inavuta hewa hiyo siku nzima.

Dalili ni tatu: kelele ya vantilateri inayopanda, mwendo unaoshuka baada ya nusu saa, na mwishowe mashine kuzima yenyewe. Prosesa za Intel za aina hii hujipunguzia mwendo zinapokaribia nyuzi 100, kisha huzima ili zisiungue.

Kwenye Dell Micro, skrubu moja nyuma hufunguliwa kwa vidole na kifuniko kinateleza. Vumbi lipulizwe kwa hewa, huku kidole au kalamu ikizuia vantilateri isizunguke, kwa sababu kuizungusha kwa upepo mkali huharibu mhimili wake. Mdomo wa mtu haufai, kwani una mate. Mashine ya kuvuta vumbi ya nyumbani nayo haifai, maana huzalisha umeme tuli. Kama joto halipungui, basi ile krimu kati ya prosesa na chuma cha kupoza imekauka. Hupanguswa kwa alkoholi safi na kuwekwa mpya, tone moja la ukubwa wa punje ya njegere. Kufanya hivyo mara moja kila baada ya miaka michache kunatosha. Kupuliza vumbi, kwa mazingira yetu, kunahitaji mara kadhaa kwa mwaka.

Diski ikianza kugonga

Kuna kosa moja ambalo halina subira. Diski ya kuzunguka ikianza kutoa mlio wa kugonga, au mashine ikiganda kila inapofungua faili fulani, kazi zote zisimame. Isiwashwe na kuzimwa mara kumi kujaribu bahati. Programu kama CrystalDiskInfo husoma taarifa ambazo diski yenyewe inaandika juu ya afya yake, na rangi ya njano au nyekundu ni onyo.

Kwanza ni kuhamisha faili, kuanzia zile zisizo na nakala. Kutengeneza kunafuata baadaye. Mashine inaweza kununuliwa tena. Kazi ya miaka mitano ya mwanafunzi, daftari la wagonjwa la kituo cha afya, au orodha ya deni la wateja haina duka.

Si kila faili isiyoonekana imepotea, hata hivyo. Wanafunzi wengi hufika wakilia kwamba flashi yao ina vijilebo vya njia ya mkato tu. Hao ni virusi vya zamani vinavyohama toka flashi hadi flashi, na sekretaria ndiyo njia panda yao. Kwa kawaida faili halisi bado zimo, zimefichwa tu. Kinachofaa ni kutobonyeza vijilebo hivyo, kuchunguza flashi kwa antivirusi, kisha kurudisha faili kwa amri ya attrib. Kuformati flashi kwa haraka ndiko kunakoziua.

Swali la Windows 10

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Wanaojiandikisha walipewa nyongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine haizimi siku hiyo, lakini matundu mapya ya usalama yanabaki wazi.

Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Hapo ndipo OptiPlex 3050 inapokwama, kwa sababu prosesa zake ni za kizazi cha sita na cha saba. Na huwezi kubadilisha prosesa tu. Kizazi cha nane kina umbo lilelile la kiti, lakini bodi ya kizazi cha saba hailitambui.

Kwa mnunuzi, somo ni kusoma namba. Prosesa i5-7500T ni ya kizazi cha saba, na i5-8500T ni ya kizazi cha nane. Namba ya kwanza baada ya mstari ndiyo inasema, na herufi T inaonyesha aina inayotumia umeme kidogo. Mashine mbili zinazofanana sura na bei zinaweza kutenganishwa na namba hiyo moja.

Kwa aliye tayari na ya kizazi cha saba, kuna njia ya tatu: Linux. Linux Mint ni ya bure, ina Kifaransa kamili, na LibreOffice hufungua nyaraka za Word. Kabla ya kuhama, ijaribiwe kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, hasa kuona kama mashine ya kuchapisha na skana zinakubali.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kulipa: mashine iwashwe mbele ya mnunuzi na aingie kwenye BIOS, kwa F2 kwenye Dell, F1 kwenye Lenovo, F10 kwenye HP. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, ilifungwa na kampuni ya kwanza. Na kwa aliyenayo tayari, kusasisha BIOS kusifanyike bila onduleri. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza kufa kabisa.

Hesabu ya jua

Kwa nini kujisumbua na mashine ya miaka minane? Hesabu ya umeme inajibu. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Ikitumika nusu ili isichoke mapema, zinabaki 600, na inveta hula sehemu yake, zinafika kama 510. Mashine ndogo inayotumia wati 25 ikiwa kazini, pamoja na ekrani ya wati 20, itafanya kazi saa 11. Mnara wa wati 100 na ekrani hiyohiyo utazima baada ya saa nne na robo. Tofauti hiyo ni siku nzima ya kazi kwa mtaa usio na umeme.

Kuna na sababu nyingine iliyo karibu na nyumbani. Tantali inayotengenezwa kutokana na koltani hutumika katika vipande vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi za elektroniki. Bati ndilo linalounganisha vipande hivyo. Rubaya na Bisie ni majina yanayojulikana mbali sana kwa ajili ya madini hayo. Kutupa mashine inayoponyeka kwa chaja au kwa batri ya duara ni kutupa jasho la watu, na mara nyingine damu yao.

Kwa mama wa sekretaria, hesabu ya asubuhi ni chaja, batri moja ya CR2032, na dakika ishirini za kupuliza vumbi. Diski mpya itangoja mwisho wa mwezi. Kwa sasa faili za wateja zimenakiliwa mahali pawili, na mwanafunzi wa kwanza kwenye ngazi ameitwa aingie na flashi yake.